Mcheza Kwao Hutuzwa: Je, Nani Amhakiki?

Katika mashindano ya ngoma na nyimbo yanayofanyika Kibera, kuna makofi ambayo hupigwa kabla ngoma yenyewe haijapigwa. Watoto hujitokeza uwanjani wakiwa na vitenge vya sare na njuga miguuni, wa kwanza akiwa amekumbatia ngoma kwapani, na kabla kiganja hakijagusa ngozi, wageni waliopewa viti vya mbele huwa wamekwisha kushangilia. Hushangilia nini? Mdundo haujasikika, wimbo haujaanzwa, wala hakuna hatua hata moja iliyochezwa. Kinachoshangiliwa ni anwani. Watoto wa Kibera wamefika, nao ni nadhifu. Hilo peke yake limehesabiwa kuwa ushindi. Makala haya yanadai kwamba makofi ya aina hiyo, japo hutoka katika moyo mwema, ni dharau iliyovishwa kanzu ya huruma. Anayemheshimu mpiga ngoma wa Kibera ni yule anayekwenda kumtazama kwa jicho la uhakiki, tena mapema, msimu ungali mchanga.

Neno "mapema" lina uzito wake. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo chimbuko lake ni mwaka wa 1927, hupanda ngazi kwa ngazi kutoka mashindano ya chini kabisa ya shule jirani hadi fainali za kitaifa, ambazo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Agosti. Wanahabari, wageni wa heshima na hata wasomi wa fasihi simulizi wenye vinasa sauti vyao husubiri fainali. Huko hukuta kazi iliyokwisha kupigwa pasi. Lolote watakaloliandika litakuwa kama kumpima maiti urefu. Vipimo vitakuwa sahihi, lakini aliyepimwa hakui tena. Katika mashindano ya awali, kinyume chake, kazi ingali inafinyangwa. Maoni ya Juni yanaweza kuonekana katika uchezaji wa Julai.

Jambo hili si geni kwingineko. Nchini Marekani kuna vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta ambavyo kila kiangazi hushindana viwanjani kwa gwaride na muziki. Tangu mwaka wa 1972, shirika la Drum Corps International limekuwa likiandaa mashindano yao ya ubingwa, na msimu huanza Juni na kuishia Agosti, kama ulivyo wa shule za Kenya. Mashabiki sugu hawakosi maonyesho ya Juni. Wanajua kwamba alama zitakuwa za chini, kwamba huenda sehemu ya mwisho ya onyesho haijatiwa, na kwamba mistari ya wapiga ngoma itayumba. Huenda kwa sababu hiyo hasa. Hutafuta kujua kama umbo la kazi lina uhai wa kukua au ni pambo lisilo na mfupa. Mtazamaji wa namna hiyo halaumu kila kosa, wala hasifu kila jitihada.

Vikosi hivyo vya Marekani vina asili ya kijeshi, kwani vingi vilikulia katika vyama vya askari wastaafu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibera nayo ni ardhi ya askari. Wakazi wa kwanza wa mtaa huo walikuwa wanajeshi wa asili ya Sudani wa kikosi cha King's African Rifles pamoja na jamaa zao, na mwaka wa 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Wazao wao, Wanubi, walingoja hadi 2017 kupewa hatimiliki ya ekari 288, na kati ya urithi wao ni ngoma ya doluka. Hivyo basi, anayeisikia ngoma Kibera leo na kudhani kwamba imeletwa na mradi wa mfadhili fulani, hajui amekanyaga wapi.

Askari hao hao, pamoja na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, walikuwa miongoni mwa walioisambaza beni katika Afrika Mashariki, ngoma ambayo ilikuwa imezuka katika miji ya pwani ya Kenya kabla ya hapo. Terence Ranger aliifanyia beni uchunguzi wa kina katika kitabu chake cha 1975. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Walishindana kwa sare, kwa vyeo, kwa ala, kwa karamu na kwa nyimbo za kumvua nguo mpinzani. Hadhira ilikuwa kali. Haikuwapo huruma katika uwanja wa beni. Aliyepiga vibaya alichekwa, na kicheko hicho kilimfuata hadi sokoni. Kwa upande mwingine, aliyepiga vizuri alijua kwamba amepiga vizuri, maana sifa hiyo ilitoka kwa watu ambao wangeweza kumnyima.

Hapa ndipo methali ya "mcheza kwao hutuzwa" inapostahili kusomwa upya. Aghalabu hutumiwa kana kwamba maana yake ni kuwa nyumbani kila mtu hupewa tuzo. Waama, aliyewahi kuona watu wa pwani wakituza katika ngoma au taarabu anajua kwamba kutuza ni tendo la kuchagua. Mtuzaji hainuki ovyo. Hungoja mstari uliomchoma au pigo lililomtoa kitini, ndipo akaenda na noti yake mkononi, mbele ya watu, na kila aliyepo akaelewa ni kitu gani kilichotuzwa. Huo ni uhakiki usio na karatasi. Mcheza kwao hutuzwa kwa sababu wa kwao wanaijua ngoma, na wanaweza kutofautisha pigo na pigo. Mgeni anayepiga makofi kabla ya mdundo hatuzi, anatoa sadaka.

Mchukulie mtazamaji makini aliyefika katika ua wa shule moja ya msingi ya Kibera asubuhi ya Juni. Nairobi huwa na baridi wakati huo. Mawingu yametanda na vumbi la kando ya reli limelazwa na manyunyu. Kabla ya kutafuta pa kuketi, mtazamaji huyu huzunguka nyuma ya madarasa, mahali ngoma zinapotiwa moto. Ngozi hunywa unyevu ikalegea, na ngoma iliyolegea hailii. Hutoa kishindo kizito kama cha gunia linaloangushwa. Walimu wenye uzoefu huwasha vijiti na karatasi, wakazigeuza ngoma zao taratibu, wakizigonga kwa kidole kusikiliza kama sauti imerudi. Kikundi kilichopangwa kuwa cha kwanza hakikupata nafasi hiyo. Kinapoingia uwanjani, ngoma yake ndogo imekufa sauti. Mwamuzi aliye mezani huandika kwamba mpigaji ni dhaifu. Mtazamaji aliyepita nyuma ya madarasa anajua kwamba kosa ni la ngozi, wala si la mkono, na kwamba dawa yake ni kufika nusu saa mapema na kibiriti mfukoni.

Kikundi cha pili kinaleta isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, hupigwa kwa pamoja, zikisindikizwa na pembe na manyanga ya chuma. Wageni wa viti vya mbele wamesimama tayari, simu juu. Mtazamaji makini ameketi. Anasikia kwamba kila wachezaji wanapoingia, ngoma ya wastani inakimbia. Mvulana anayeipiga anaitazama miguu ya wachezaji badala ya kuisikiliza ngoma kubwa. Anaona pia kwamba kiongozi wa wimbo amewageukia waamuzi na kuwapa mgongo waitikiaji wake, hivi kwamba mwito unaenda mezani na mwitikio unatoka nyuma, na viwili hivyo havikutani. Wimbo wa kupokezana umegeuka kuwa nyimbo mbili.

Kuna jambo la tatu, na hili linamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi. Isukuti huchezwa katika uzazi, jando, harusi na hata mazishi, na kila tukio lina nyimbo zake. Watoto walio uwanjani ni mchanganyiko wa Kibera nzima. Huenda anayepuliza pembe ni wa Kikamba, na wa manyanga ni Mnubi wa Makina. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini wamefundishwa maneno kwa mdomo, silabi kwa silabi, na pia wamefundishwa kutabasamu tangu kuingia hadi kutoka. Ikiwa wimbo huo huimbwa kaburini, tabasamu lile linafanya nini usoni mwao? Mwalimu akiulizwa swali hili mwezi wa Juni, anaweza kumtafuta mzee wa Kiisukha, ambaye hakosi Kibera au Kawangware, na kurekebisha uso wa wimbo kabla ya ngazi inayofuata. Akiulizwa Agosti, atabaki kujitetea.

Uhakiki usioona jema ni nusu ya uhakiki. Katikati ya isukuti ile, ngoma ya wastani ilipotoroka na kubwa ikasita, aliyeushika wakati ni msichana wa manyanga, mdogo kuliko wote, aliyesimama pembeni. Hakuharakisha wala hakupunguza. Ngoma zote mbili zilirudi kwake kama mbuzi wanavyorudi kwa mchungaji. Hakuna aliyempigia makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa yamekwisha kugawanywa sawasawa kwa wote mlangoni. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya sifa za huruma: aliyestahili hapati chake.

Je, wasomi wa Kiswahili wana neno gani la kumwambia msichana huyo? Aghalabu waamuzi huzungumza Kiingereza, wakitaja tempo na dinamiki, na si kosa lao, kwani ndivyo walivyofundishwa. Swali ni kwa idara za Kiswahili. Ngomezi, ambayo M. M. Mulokozi aliipa nafasi yake katika uainishaji wa tanzu wa 1989, hufundishwa kwa aya moja, na mifano yake ya kisasa katika vitabu vya shule ni king'ora cha ambulensi na kengele ya shule. (Mtahiniwa hukariri king'ora akapata alama, na ngoma inalia nje ya dirisha.) Ni kweli kwamba isukuti ya mashindano si ngomezi, iko karibu zaidi na sanaa za maonyesho, ambazo Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliziandikia mwaka wa 1976. Lakini Kiswahili hakikosi msamiati. Kina kuwamba na kulegea, kurindima na kuvuma, kuchapuza, kupokeza, kukoleza. Kina chapuo, vumi na msondo, kila moja ikiwa na kazi yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuyatoa maneno hayo kamusini na kuyapeleka uwanjani.

Wapo watakaosema kwamba watoto hawa wanaelemewa na mengi, na kwamba kuwakosoa ni ukatili; ngoma ya watoto haikeshi, iacheni. Hoja hii isipuuzwe, kwa kuwa wako wahakiki ambao hufurahia kuvunja. Hata hivyo, Kibera imezoea kutazamwa kwa macho yasiyohesabu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ina watu milioni moja na zaidi. Sensa ya 2009 ilipowahesabu, ilipata takriban 170,000. Huruma hukuza namba kama inavyokuza makofi. Isitoshe, watoto hawa hawakosi wahakiki. Vijana walioparamia ukuta wa shule wanaitikia wimbo unapopanda, wananyamaza unapoanguka, na wanatoa hukumu kwa Sheng isiyo na staha hata kidogo. Mama wa mandazi langoni hugeuka kuitazama sufuria yake pale pale ngoma inapolegea. Wana upendeleo, naam. Wa Lindi watamtetea wa Lindi, kama wa Kingi walivyomtetea wa Kingi. Lakini masikio yao ni ya haki, na wanachokisikia hakimfikii mwalimu kwa njia anayoweza kuitumia.

Saa kumi alasiri matokeo yanasomwa. Kikundi cha isukuti kimepenya kwenda ngazi inayofuata, wageni wanapiga picha na kuondoka. Mwalimu anafunga ngoma juu ya mkokoteni. Mfukoni ana karatasi yenye alama na maneno machache ya Kiingereza yanayosema kwamba onyesho lilikuwa zuri, waendelee vivyo hivyo. Mmoja wa wale vijana wa ukutani anateremka, anamsalimu kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," kisha anaigonga ngoma ya wastani kwa vidole, mara mbili, polepole, halafu kwa kasi, kumwonyesha mahali ilipotorokea. Mwalimu anasimamisha mkokoteni. Anaitoa ile karatasi, anaigeuza upande usio na maandishi, na kuomba kalamu.