Usingoje mtoto akue ndipo atibiwe jicho

Mama mmoja aliniletea mtoto wake wa miaka minne. Katikati ya jicho la kushoto mlikuwa na weupe kama maziwa. Mama aliuona weupe huo mtoto akiwa na miezi miwili, lakini jamaa zake walimshauri angoje mtoto apate nguvu kwanza ndipo apasuliwe.

Nilimtuma kwa daktari wa macho, na mtoto wa jicho akatolewa. Jicho sasa ni safi, lakini haoni vizuri nalo hata akivaa miwani. Mama akaniuliza, "Daktari, kama jicho limepona, mbona haoni?"

Msomaji, jibu limo ubongoni. Jicho hupokea mwanga tu; ubongo ndio unaoona. Ubongo wa mtoto mchanga hutengeneza miunganisho ya neva mingi kuliko inavyohitajika, kisha hupunguza, kama mkulima ang'oavyo miche dhaifu ya mahindi ili iliyo imara istawi.

Miongoni mwa wang'oaji hao ni seli za kinga za ubongo ziitwazo mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizieleza mwaka wa 1919. Kwa muda mrefu zilidhaniwa ni askari wa kupigana na viini na kuzoa uchafu tu. Mwaka wa 2012, Dorothy Schafer, Beth Stevens na wenzao huko Boston, Marekani, walionyesha kwamba katika panya wachanga seli hizo humeza miunganisho ya neva zitokazo machoni, hasa ile isiyotumika sana.

Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel waliwafunga paka wachanga jicho moja. Lilipofunguliwa, ubongo ulikuwa umekwisha kulisahau. Mikroglia hazifanyi kazi hiyo peke yake, lakini funzo ni moja: jicho lisilotumiwa utotoni hupoteza nafasi yake ubongoni.

Ndiyo maana nasema ushauri wa kungoja ni mbaya, hata ukitolewa kwa upendo. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito katika jicho moja anafaa kupasuliwa akiwa na umri wa wiki sita hivi. Tena weupe huo waweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huua isipotibiwa.

Mzazi, mtazame mwanao machoni penye mwanga. Ukimpeleka kliniki kupimwa uzani na kudungwa chanjo, mwombe muuguzi ammulike macho. Ukiona weupe, au makengeza yasiyoisha baada ya miezi minne, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Mtoto yule sasa huzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Huenda likafaidika kidogo. Lingefaidika zaidi miaka minne iliyopita.