Fungua Kazi, Andika Jina

Toleo hili tumewapa watu wanaotunga muziki wa chipu nyumbani kwao, wenye kompyuta ya mtumba, spika za masikioni na saa chache za usiku baada ya kazi ya mchana. Uchungu wao tunaujua, kwa kuwa wanautaja kila tunapokutana nao. Kutunga ni raha, wanasema, ila kutangaza kunawachosha na kuwatia haya; wanahisi wameacha ufundi na kugeuka wachuuzi. Naomba kutofautiana nao. Katika muziki huu, kutunga na kutangaza vilikua pamoja tangu mwanzo, na anayevitenganisha anajiongezea mzigo. Anayetaka kazi yake ijulikane na aifungue, watu waone ilivyotengenezwa, lakini kwanza ahakikishe jina lake limeandikwa mahali pasipofutika.

Tuanze na chombo chenyewe. Muziki wa chipu, au chiptuni, hutolewa na chipu za sauti za kompyuta na mashine za gemu za zamani, au na programu zinazoziiga. Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na chipu iitwayo SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes, yenye sauti tatu tu. Mashine ya Nintendo iliyoingia sokoni Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom ilikuwa na chaneli tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele na moja ya vipande vya sauti iliyorekodiwa. Game Boy ya 1989 ilikuwa na nne. Msomaji wetu anaujua mlio huu hata kama hajui unaitwaje. Aliyecheza gemu za kadi kwenye runinga, kwa zile mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, ameusikia. Na aliyeketi na Nokia 3310 akibonyeza noti moja baada ya nyingine ili atunge mlio wa simu yake, alifanya kazi kwa masharti makali kuliko ya SID, maana alikuwa na sauti moja, basi.

Uhaba huo wa sauti ndio ulioujenga ufundi wote. Chukua jambo moja dogo. Una chaneli moja iliyobaki, nawe unataka noti tatu zilie pamoja. Haiwezekani, chaneli hutoa noti moja tu kwa wakati. Mafundi wa miaka ya 1980 wakazizungusha: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya kwanza tena, hatua 50 kwa sekunde kwenye mashine za Ulaya, hadi sikio likakubali kuzichukua kama kitu kimoja chenye mtetemo ambao hakuna ala nyingine inayoutoa. Kwenye traka, yaani programu ya kutungia muziki huu, amri yake ni tarakimu tatu: 047. Sifuri ni alama ya amri yenyewe, 4 ni nusu toni nne juu ya noti uliyoandika, 7 ni nusu toni saba juu yake. Badilisha hiyo 4 iwe 3, na palepale furaha inageuka huzuni. Ngoma nzito nayo hupatikana kwenye wimbi la pembetatu: unaianza noti juu na kuiporomosha chini kwa haraka, sikio linasikia kishindo kabla halijatambua kuwa ilikuwa noti. Mwingereza Rob Hubbard, aliyetunga muziki wa gemu ya Monty on the Run mwaka 1985, aliandika kazi zake moja kwa moja kwa lugha ya mashine, na sauti zake tatu bado zinasomwa na watunzi ambao hawakuwa wamezaliwa alipoziandika.

Zinasomwa; hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu ya Ultimate Soundtracker kwa ajili ya kompyuta ya Amiga. Haukupita muda, faili za namna yake, maarufu kwa jina la MOD, zikawa zinabeba noti zote, ala zote na amri zote kwa pamoja. Aliyepokea wimbo alipokea na siri zake. Aliusikiliza, kisha akaufungua na kuona besi imeandikwaje, ngoma imekaa mstari wa ngapi, na ule mtetemo umetokana na amri gani. Na kwa kuwa kila ala ilikuwa na nafasi ya kuandikiwa jina, watunzi waliigeuza orodha ya ala kuwa barua. Humo waliandika mtunzi ni nani, anawasalimu akina nani, wimbo ameutunga kwa sababu gani, na anayetaka kumwandikia ampate wapi. Wimbo ulisafiri ukiwa na mwenyewe ndani yake. Hakuna aliyehitaji kuacha utunzi ili aende kujitangaza.

Hata kabla ya hapo mambo yalikuwa hivyo. Vijana waliovunja kinga za gemu za kompyuta walibandika mwanzoni mwa gemu ukurasa mfupi wenye muziki, jina la kundi lao na maandishi ya salamu yanayopita kwenye skrini. Uvunjaji ule ulikuwa kosa, wala sitautetea. Lakini kurasa zile zikakua zikawa sanaa inayosimama yenyewe, ya kuonyesha picha, muziki na ustadi wa kuandika programu, na makundi yake yakashindana hadharani kwenye kumbi. Finland iliiingiza sanaa hiyo katika orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Mataifa hayo yametambua kwamba watoto waliojifungia vyumbani na kompyuta za bei rahisi walikuwa wanajenga utamaduni.

Zana za leo zimepunguza visingizio. Mjerumani Oliver Wittchow alitoa Nanoloop mwaka 1998, na Msweden Johan Kotlinski akatoa Little Sound Dj mwaka 2000. Zote mbili ziligeuza Game Boy kuwa studio ya mfukoni. FamiTracker, inayotunga kwa chaneli za ile mashine ya Nintendo, ni ya bure. Furnace, inayoiga chipu nyingi za aina mbalimbali, nayo ni ya bure. Kompyuta mpakato ambayo haiwezi tena kuendesha gemu za kisasa inazimudu bila kuhema. Aliye na Game Boy halisi ya toleo la kwanza anaiendesha kwa betri nne za kawaida, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Kinachobaki ni sikio na subira.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa. Mtunzi mpya hukimbilia kwenye majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki, kisha anakaa kuhesabu wasikilizaji. Ni vizuri kujua kanuni za mahali unapoingia. Tangu mwaka 2024, Spotify haitoi mirabaha kwa wimbo usiofikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kwa muziki wenye wapenzi wachache waliotawanyika, nyimbo nyingi zitabaki chini ya mstari huo. Duka la mtandaoni la Bandcamp, lililoanzishwa mwaka 2008, linakata asilimia 15 ya mauzo ya faili, mbali na gharama za malipo. Albamu ya dola 5 ikinunuliwa na watu 40 ni dola 200. Ukitoa asilimia 15 unabaki na dola 170 kabla ya gharama hizo. Watu 40 wanaokujua kwa jina wanakulisha kuliko mamia waliokupitia. Ila kabla hujapandisha albamu, hakikisha nchi yako inaweza kupokea fedha kwa njia ambayo duka hilo linalipa. Na kama msikilizaji wako yuko Mwanza au Mombasa, hakuna ubaya akikulipa kwa M-Pesa nawe ukamtumia faili usiku uleule.

Watu 40 wa namna hiyo hawapatikani kwa kupiga kelele. Wanapatikana kwa kuonyeshwa kazi. Kundi la 8bitpeoples, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, liligawa muziki wa chipu bure kwa miaka mingi, na watu wake walikuwa miongoni mwa walioanzisha Tamasha la Blip mjini New York mwaka 2006, ambako wasikilizaji walijaa kuwatazama watu wakipiga Game Boy jukwaani. Mwaka huohuo 8bitpeoples ilitoa Power Supply, kazi ya bendi ya Anamanaguchi, inayochanganya chipu na magitaa. Miaka saba baadaye bendi hiyo iliomba umma uichangie dola 50,000 kwa ajili ya albamu ya Endless Fantasy, na watu wakatoa zaidi ya dola 270,000. Haikuwa bahati nasibu. Waliochanga walikuwa wameupokea muziki ule mapema, wameuzoea, na wengine walikuwa wamejifunza kutunga kwa kuusikiliza. Mwanamuziki Chipzel wa Ireland ya Kaskazini naye alijulikana mbali kupitia gemu ya Super Hexagon ya mwaka 2012, ambayo haiwezi kutenganishwa na nyimbo zake za Game Boy. Watengenezaji wadogo wa gemu ndio wateja wa asili wa muziki huu. Mtunzi anayemfuata kijana anayejifunza kutengeneza gemu jirani yake, akamtungia dakika moja ya muziki, amejitangaza vizuri kuliko aliyelipia matangazo mwezi mzima.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: nikifungua kazi yangu, si nitaibiwa? Jibu lake limo katika kisa kimoja ambacho kila mtunzi wa nyumbani anapaswa kukijua. Mwaka 2000, kwenye mashindano ya Assembly nchini Finland, Janne Suni alishinda katika kipengele cha muziki wa mtindo wa zamani kwa wimbo wake Acidjazzed Evening. Glenn Rune Gallefoss wa Norway akautengenezea toleo la Commodore 64, nalo likatoka mwaka 2002 katika Vandalism News, gazeti lililosambazwa kama diski. Mwaka 2006 ukatoka wimbo Do It wa Nelly Furtado, uliotayarishwa na Timbaland, na mashabiki wa Commodore wakautambua mlio wao ndani yake. Kesi ilifunguliwa Marekani. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaimaliza, na mlalamikaji akashindwa. Hakushindwa kwa sababu ilithibitika kwamba hakuna kilichonakiliwa. Alishindwa kwa sababu kazi haikuwa imesajiliwa Marekani kabla ya kesi, na hakuweza kuthibitisha kwamba ilichapishwa kwa mara ya kwanza nje ya nchi hiyo kwa namna ambayo ingemwondolea sharti la kusajili. Ubishi wa mahakamani ulifika hadi kwenye swali la gazeti lile lilitoka vipi, kwa diski au kwa intaneti.

Tusome vizuri somo hilo. Uwazi wao haukuwa kosa. Wimbo ule ulipendwa na kuenea kwa sababu ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni karatasi. Basi weka faili ya traka yenye tarehe, andika jina lako ndani yake, eleza kwa maandishi unaruhusu nini na unakataza nini, na sajili kazi yako. Ofisi ya hakimiliki ya Tanzania ni COSOTA, ya Kenya ni KECOBO. Ukitarajia wimbo utavuka bahari, soma pia masharti ya huko unakoupeleka. Ni asubuhi moja ya kazi isiyo na ladha, na ndiyo inayokupa ujasiri wa kuwa mkarimu miaka yote inayofuata.

Hatuanzi sifuri katika hili. Singeli si muziki wa chipu, lakini ilipikwa Dar es Salaam kwa kompyuta za kawaida, na watu ambao hawakusubiri studio kubwa iwafungulie mlango, kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso ukiwa na jina la studio ilikotoka kazi hiyo, na milango ya matamasha ya Ulaya ikafunguka. Kazi ilitoka ikiwa na anwani yake. Mtunzi wa chipu wa kwetu naye aache kutuma kwa ulimwengu nakala ya muziki wa gemu za Japani wa mwaka 1986. Traka nyingi hufunguka zikiwa na mistari 64, minne kwa kila pigo, na wengi hudhani hiyo ni sheria. Weka 48, yaani mistari 12 kwa kila kipande. Kumi na mbili inagawanyika kwa mbili na kwa tatu, kwa hiyo chakacha inakaa humo bila kulazimishwa: wimbi la pembetatu lishike mapigo mawili, kelele zijibu kwa matatu, na 047 ipite juu yao. Msikilizaji wa Tokyo atasikia kitu ambacho hana kwao, naye wa Lamu atakitambua kabla ya kuambiwa.

Kurasa zinazofuata zinaeleza jinsi ya kuanza na traka ya bure, jinsi ya kutoa sauti safi kwenye Game Boy ya zamani, na jinsi ya kuandika makubaliano mafupi na mtengenezaji wa gemu. Nasi tunapokea nyimbo kwa ajili ya toleo lijalo, kwa masharti mawili. Kwanza, wimbo uje pamoja na faili yake ya traka, ili msomaji ajifunze humo. Pili, jina la mtunzi na tarehe viwe ndani ya faili, na wimbo uwe umesajiliwa au uko njiani kusajiliwa. Asiyejua pa kuanzia kwenye usajili atuandikie, tutamsaidia kujaza fomu. Wimbo usio na jina hatutauchapa hata ukiwa mzuri namna gani, kwa sababu kuuchapa hivyo ni kumnyima mwenyewe haki yake.