Kipimo cha Nitro katika Injini za Ndege za Mfano

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako kijana hukulia katika mngurumo wa karasha zinazosaga mawe ya dhahabu, na ambako wavuvi wa mwambao wa Nkome huchanganya petroli na oili kwa kipimo kabla ya kuielekeza mitumbwi yao ziwani, maarifa ya injini si mageni. Na kwa sababu hiyo naona ni jambo la heri walimu wa ufundi wawafunze vijana hao kuunda na kurusha ndege ndogo za mfano, ila kwa sharti kwamba mafuta yake yachaguliwe kwa hekima wala si kwa tamaa ya nguvu.

Mafuta hayo aghalabu ni methanoli, oili ya kulainishia, na nitromethani, ambayo kwa ufupi huitwa nitro. Nitro imebeba oksijeni yake yenyewe. Ilhali kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ipate kuungua sawasawa, na ya methanoli kilo 6 na nusu hivi, ya nitro hutosheka na hewa isiyofika kilo 2, na ndiyo maana silinda ileile, kwa hewa ileile, huunguza mafuta mengi zaidi.

Hapo huzuka hoja. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Tanga au Unguja kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Basi upungufu huo, wengine watasema, na tuufidie kwa nitro. Hoja hiyo si batili, walakini kwa mwanafunzi asilimia 5 hadi 10 ni kipimo tosha, na kilichopungua kwa sababu ya mwinuko akitafute kwanza katika sindano ya kabureta na katika rafadha isiyoilemea injini. Nitro ni ghali kuliko vyote vilivyomo, huzidisha joto, na mabaki yake huleta kutu katika beringi iwapo injini haikukaushwa na kutiwa oili baada ya kuruka.

Ithibati ipo. Katika mashindano ya kasi ya ndege za mfano zinazoongozwa kwa nyaya, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga huwataka washindani wote watumie mafuta mamoja, methanoli sehemu 80 na mafuta ya mbarika sehemu 20, pasipo tone la nitro, nazo hukimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Mbarika, mmea huu tunaoupita kando ya njia bila kuujali, hutoa mafuta yasiyoachana na chuma hata katika joto kali, ingawa ya injini sharti yawe yamesafishwa kiwandani.

Ipo pia hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya injini. Methanoli ikinywewa hupofusha na kuua, na mwali wake hauonekani juani. Na Umoja wa Ulaya umewazuia raia wasio na leseni kununua mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16, kwa kuchelea isigeuzwe baruti. Sisi tunaokaa katika ukanda wa machimbo tunazijua baruti na misiba yake. Kwa hiyo nawasihi walimu na wazazi: nunueni mafuta yaliyokwisha kuchanganywa na kuandikwa kipimo chake, msiwaruhusu vijana kuchanganya wenyewe, na chupa ifungiwe kabatini.