Sheria Ipo, Tuulize

Tunaposikia kwamba fedha za umma zimeliwa, wengi wetu hunung'unika pembeni, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Manung'uniko hayafichui kitu. Kinachofichua ni hati: mkataba, stakabadhi, ripoti ya ukaguzi. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Kwetu, ofisi ya umma ina siku 30 za kujibu ombi la mwananchi. Kwa jirani zetu ni siku 21.

Tutazame kilichotokea kwa jirani. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Ilijengwa kwa mikopo ya China inayolipwa na wananchi, lakini mikataba yake ilifichwa. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliiomba kwa maandishi. Hawakupewa, wakaenda mahakamani. Serikali ilijitetea kwamba mikataba ina kipengele cha usiri. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru itolewe. Novemba mwaka huo sehemu yake iliwekwa hadharani, na waandishi wakaweza kuwaeleza wananchi masharti yenyewe, likiwemo la migogoro ya mkopo kuamuliwa Beijing.

Wapo watakaosema njia hii ni ndefu mno kwa gazeti la kesho. Ni kweli. Lakini habari ya uchunguzi si habari ya kesho. Mtoa siri anaweza kufukuzwa kazi, na maneno yake yakakanushwa. Hati iliyotolewa na ofisi yenyewe ni vigumu kuikana. Kwa hiyo mwandishi aandike ombi mapema, ahifadhi nakala, ahesabu siku na akate rufaa akinyimwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulitambua kwamba wanadamu wana haki ya kupata habari. Basi tusimwone anayeuliza kuwa mkorofi. Nasi tuanzie nyumbani: mwamini akiuliza michango ya ujenzi wa kanisa imefikia wapi, asikunjiwe uso, aonyeshwe daftari. Tukilificha daftari la parokia, tutaidai serikali mikataba kwa uso gani?