Bahari Isiyolindwa Haina Mwenyewe

Mtu aingiaye Kariakoo asubuhi kwa Mtaa wa Kongo hukuta bidhaa za ulimwengu mzima zimetandazwa juu ya meza na maturubai. Wachuuzi hunadi bei, wapagazi husukuma mikokoteni, na wafanyabiashara waliotoka Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura hufungasha marobota ya kupakia kwenye malori. Ni wachache miongoni mwao wanaoifikiria bahari. Walakini sehemu kubwa ya vitu vilivyopo pale, tangu sufuria na vitenge hadi simu na vipuri vya pikipiki, imefika kwa meli. Na mafuta yanayoyaendesha malori yatakayovibeba kwenda bara yamefika kwa meli vilevile. Kariakoo ni soko la nchi kavu linaloishi kwa maji ya chumvi.

Jina lenyewe la mtaa huo ni ukumbusho wa vita ambavyo, kwa mji huu, vilianzia baharini. Agosti 8, 1914, manowari ya Kiingereza iliupiga mji wa Dar es Salaam kwa mizinga. Wajerumani, kwa hofu ya kuvamiwa, walilizamisha gati lao la kuelea katika mlango wa bandari. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka katika eneo hilo kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na kutokana na jina hilo midomo ya wenyeji ikaunda neno Kariakoo. Maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya ugomvi usiokuwa wao, na wengi hawakurudi makwao.

Baada ya nusu karne somo hilo lilirudiwa, safari hii Taifa likiwa huru. Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Maduka ya mjini yaliporwa na watu wakapoteza maisha. Serikali changa, ikiwa haina chombo kingine cha kutegemea, ililazimika kuomba msaada wa mtawala wa jana. Januari 25, makomandoo wa Kiingereza waliruka kwa helikopta kutoka katika manowari Centaur iliyokuwa imesimama mbele ya mji, nao uasi ukazimwa kwa muda mfupi. Msaada ule ulikuwa wa lazima, lakini Mwalimu Nyerere hakuficha fedheha aliyoiona ndani yake. Mji mkuu wa nchi huru ulikuwa umetazama baharini ukakuta kwamba nguvu pekee iliyokuwapo huko ilikuwa ya wageni.

Kutokana na majeraha hayo lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Septemba 1, 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, kituo cha wanamaji kilijengwa Kigamboni, ng'ambo ya Kivukoni, na zikaletwa boti za mizinga za aina ya Shanghai. Zilikuwa boti ndogo, urefu wake haukufika mita 40, lakini ziliendeshwa na vijana wa nchi hii chini ya bendera ya nchi hii. Hapo ndipo ulipowekwa msingi wa Kamandi ya Wanamaji.

Yafaa ieleweke kwamba kazi ya kamandi hiyo imepanuka kuliko ilivyokuwa siku zile. Pwani ya Tanzania ina urefu wa kilometa 1,424. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, pamoja na sheria iliyotungwa na Bunge mwaka 1989, unaipa nchi haki juu ya mali iliyomo baharini hadi maili 200 za baharini kutoka pwani. Hizo ni kilometa 370, karibu mara mbili ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Eneo lote hilo ni takriban kilometa za mraba 223,000, karibu robo ya eneo la nchi kavu. Boti iendayo mwendo wa maili 15 za baharini kwa saa huhitaji zaidi ya saa 13 kufika kwenye mpaka huo, na hapo hesabu ya mafuta ya kurudia haijaanza.

Haki iliyoandikwa katika karatasi haimfukuzi mwizi. Ushahidi ni meli ya uvuvi Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 ikivua katika bahari ya Tanzania bila kibali, ikiwa na karibu tani 300 za jodari. Samaki hao waligawiwa katika taasisi mbalimbali, na wananchi wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la Waziri aliyeshughulikia uvuvi wakati huo. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba chombo kilichotumika katika doria ile kilikuwa Sarah Baartman, meli ya Afrika Kusini. Jirani mwema alimsaidia mwenye shamba kumkamata mwizi. Tena kesi yenyewe, baada ya washtakiwa kutiwa hatiani mwaka 2012, ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2014 kwa dosari za kisheria. Basi ilidhihirika kwamba kuilinda bahari kwahitaji meli, na kwahitaji pia mwanasheria makini na jalada lililoandaliwa sawasawa.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba wanamaji wa Kigamboni wamelala. Oktoba 2011, uharamia uliotoka Somalia ulipofika katika maji ya kusini, ndio waliowatia mbaroni watu saba baada ya shambulio katika eneo ilipokuwa ikifanya kazi meli ya kuchimba visima vya utafiti wa mafuta na gesi. Mwaka uliofuata Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zilitia saini makubaliano ya kushirikiana dhidi ya uharamia huo. Mwaka 2015 meli mbili za doria kutoka China, Mwitongo na Msoga, ziliingizwa rasmi katika kamandi. Hizo ni hatua za kupongezwa.

Wapo wasemao kwamba nchi ambayo bado ina wanafunzi wanaokosa madawati haina sababu ya kununua manowari. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Lakini anayeitoa na ajiulize madawati hayo yatanunuliwa kwa fedha gani. Ushuru wa bandari ni fedha ya bahari. Gesi ya Songo Songo, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikizalisha umeme wa Dar es Salaam, hutoka kisiwani na kupita chini ya maji kabla ya kugusa nchi kavu. Maharamia walipotamba, gharama za bima za meli zilipanda. Na gharama ya mwenye meli humfikia mwenye duka, naye humwachia mnunuzi. Mama anayenunua sufuria katika Mtaa wa Msimbazi hulipia usalama wa bahari, apende asipende. Afadhali aulipie kwa kodi kuliko kwa hasara.

Hata hivyo, yapasa kuonya dhidi ya kuhesabu nguvu ya jeshi hilo kwa idadi ya meli zinazozinduliwa. Boti za Shanghai nazo zilipokewa kwa shangwe, kisha zikazeeka, kama kinavyozeeka chombo chochote cha chuma ndani ya maji ya chumvi. Meli iliyofungwa gatini kwa kukosa kipuri au mafuta haimtishi mwizi yeyote. Kipimo cha haki ni siku ambazo chombo kinashinda baharini katika mwaka. Kwa hiyo bajeti ya matengenezo isiwe ya kukatwa kwanza fedha zinapopungua. Na vijana wanaohitimu katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam na katika vyuo vya ufundi watumiwe ili matengenezo mengi yafanyike hapa hapa.

Hapo ndipo mzigo unapomfikia mtumishi wa umma na mwalimu. Karani anayechelewesha hati ya kununulia vipuri ameifunga meli kwa kamba ngumu kuliko ya nanga. Mwendesha mashtaka asiyelikagua jalada amemwachia mvuvi haramu aliyekamatwa kwa jasho la wengine. Naye mwalimu, ambaye ramani ya Tanzania iliyo ukutani mwa darasa lake aghalabu huishia pale mchanga unapoishia, anaweza kuchukua chaki akachora mstari wa maili 200 na kuwaambia watoto kwamba nchi yao inafika huko.

Katika Mtaa wa Samora imesimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya vita vile vya wapagazi. Ncha ya singe yake imeelekea bandarini. Kwa karibu karne moja watu wamepita chini yake wakienda ofisini na sokoni bila kufuata inakoonyesha. Wakifuata, watafika Kivukoni, na ng'ambo ya maji watawaona wanamaji wao, ambao kazi yao haiwezi kuwa bora kuliko ya ofisi na madarasa yaliyo nyuma yao.