Kasi ni ya kijana, kiti ni cha mwenye fedha

Mwaka wa 1994, mbio za Safari Rally zilipofika ukingoni baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope, nafasi ya nne ilichukuliwa na Mkenya, Patrick Njiru, akiwa ndani ya Subaru Impreza. Nyuma yake, katika nafasi ya tano, alikuwa kijana Mwingereza aliyeitwa Richard Burns, naye pia ndani ya Subaru Impreza. Miaka saba baadaye, mwaka wa 2001, mmoja kati ya hao wawili alitawazwa bingwa wa dunia. Msomaji mpenzi, nadhani huhitaji kuambiwa ni yupi.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu ya swali nililoulizwa majuzi na mzee mmoja wa hapa kwetu Mitaboni. Kitinda mimba wake ana umri wa miaka 22 na ni mwendeshaji bodaboda. Hubeba abiria kutoka sokoni hadi Kathiani na Machakos mjini, na wanaompanda wanasema kwenye kona za milima ya Iveti kijana huyo ana mikono ya ajabu. Basi kijana ameona katika simu yake mbio za pikipiki za Ulaya ziitwazo spidiwei, na moyo wake wote umehamia huko. Zaidi ya hayo, amekutana na mtu wa Nairobi anayedai kwamba akilipwa kiasi fulani cha fedha atamtafutia nafasi ng'ambo.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "wewe ndiwe unayesoma magazeti. Nikiuza ile robo eka ya kahawa, huyu atapata nafasi?"

Swali hilo ni zito. Robo eka ya kahawa si kitu cha kuchezea katika boma lenye wajukuu. Basi ningependa tulijibu pamoja, kwa sababu najua wako wazazi wengi wenye watoto wenye kipaji cha mbio, cha mpira au cha kuimba, na wote huuliza jambo hilo hilo: je, mtoto akiwa hodari, atachaguliwa?

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Lakini katika michezo ya injini, mwenye nyama ndiye anayechagua kisu.

Tuanze na hiyo spidiwei yenyewe. Ni mchezo wa kutisha. Waendeshaji wanne huzunguka uwanja wa duara mara nne, wakikata kona kuelekea kushoto. Pikipiki zao ni za sisi 500, zina gia moja na hazina breki hata kidogo. Zamani bingwa wa dunia alipatikana kwa mchujo, kisha fainali ya usiku mmoja. Tangu mwaka wa 1995 ubingwa huo umekuwa msururu wa mashindano yanayohama kutoka mji hadi mji, na haki za kuuendesha zikawa mikononi mwa makampuni ya biashara.

Hapo ndipo uchaguzi ulipopata sura mpya. Waendeshaji kadhaa huingia kwa pointi walizopata mwaka uliotangulia au kwa kushinda mchujo. Waliobaki huteuliwa. Tena katika kila mji nafasi moja hupewa mwendeshaji wa nchi mwenyeji, maana wenyeji hununua tiketi wakimwona mtu wao uwanjani. Poland ndiyo yenye ligi tajiri kuliko zote, na ndiyo nyumbani kwa Bartosz Zmarzlik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tano kati ya mwaka wa 2019 na 2024. Mashabiki hulalamika kila mwaka kwamba fulani ameachwa na fulani ameteuliwa kwa sababu ya bendera yake. Lakini mwenye televisheni naye ana hesabu zake. Akiwajaza Wapolandi watupu, nani atatazama Uingereza, Denmaki au Australia?

Hata bingwa mwenyewe hana uhakika wa kiti. Mrusi Artem Laguta alishinda ubingwa mwaka wa 2021. Mwaka uliofuata Urusi ilipoivamia Ukraine, shirikisho la pikipiki la dunia likawafungia waendeshaji wa Urusi, na Laguta hakutetea taji lake. Hakuwa amepoteza kasi. Mlango ulifungwa na mambo ya nje ya uwanja.

Usiseme hayo ni ya Ulaya tu. Safari Rally yetu ina historia iyo hiyo, na wazee wa Ukambani waliokuwa wakikesha kando ya barabara msimu wa Pasaka ni mashahidi.

Mbio hizo zilianza mwaka wa 1953, zikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa karibu miaka 20 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeshinda, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipofanya hivyo mwaka wa 1972 kwa gari la Ford. Katika enzi hizo mwenyeji mwenye maarifa aliweza kuwashinda matajiri. Joginder Singh, fundi wa magari kwa kazi, alishinda mwaka wa 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa gari la Volvo ambalo lilikuwa limekwisha kutumika. Akarudia mwaka wa 1974 na 1976, safari hiyo kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta akashinda mara tano, mwaka wa 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982.

Lakini mwaka wa 1973 Safari iliingia katika ubingwa wa rali wa dunia, na viwanda vikubwa vikaona kwamba gari likishinda Kenya, litauzika popote. Usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya gari moja la kiwanda kulikuwa na magari ya kubeba vipuri, mafundi wengi na ndege angani ya kuwasiliana na dereva. Anayelipia vyote hivyo ndiye aliyeamua nani ashike usukani.

Tazama mwaka wa 1993. Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza: Juha Kankkunen na Markku Alén, wote wa Finland, Ian Duncan wa Kenya, na Yasuhiro Iwase wa Japani. Ipime orodha hiyo kama mfanyabiashara. Wafini wawili ni wa kutafuta ushindi. Mkenya anaijua njia, naye ni wa kuwafurahisha wenyeji. Mjapani ni wa nchi ya kiwanda chenyewe. Sisemi Iwase hakujua kuendesha, maana nafasi ya nne katika Safari haiokotwi njiani. Nasema tu kwamba kila jina pale lilikuwa na kazi mbili, moja barabarani na nyingine sokoni.

Mwaka huo huo Subaru ilileta vigari vidogo aina ya Vivio, vyenye injini ya sisi 660. Kimoja alipewa Colin McRae wa Scotland, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, kingine Masashi Ishida wa Japani, na cha tatu Patrick Njiru. McRae alikikimbiza chake kwa kasi iliyowashangaza wengi, lakini hakufika mwisho. Aliyefika ni Njiru, katika nafasi ya 12, akashinda kundi la magari madogo. Mwaka uliofuata ndipo akapata ile nafasi ya nne mbele ya Burns. Na mshindi wa mwaka huo wa 1994 alikuwa Ian Duncan.

Sasa jiulize. Duncan alishinda mashindano yenyewe. Njiru alimaliza wa nne. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa kiti cha kiwanda kwa msimu mzima wa ubingwa wa dunia. Lazima tuseme haki: kushinda Kenya, mahali unapojua kila korongo, si sawa na kushinda kwenye theluji ya Sweden au lami ya Corsica, na Burns alithibitisha uwezo wake sehemu nyingi. Lakini ili uthibitishe uwezo wako kwenye theluji, sharti kwanza mtu akupeleke kwenye theluji. Burns alipelekwa. Uingereza ilikuwa soko kubwa la magari, na timu ya Subaru yenyewe ilikuwa na makao yake huko. Kenya ilikuwa mahali pa kuja mara moja kwa mwaka, kushindana na kuondoka.

Baada ya mwaka wa 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, na fedha zilikuwa sehemu kubwa ya kisa hicho. Ilirudi mwaka wa 2021 kule Naivasha, ikiwa na kilomita za kushindania zisizofika 400. Zile safari ndefu ambazo mwenyeji mvumilivu alimsubiri mgeni avunje gari zimekwisha. Mwaka wa 2022 vijana wetu McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walishiriki kwa magari ya Ford Fiesta Rally3, chini ya mpango wa kulea vipaji wa shirikisho la magari la dunia, FIA, na Kimathi akawa ameshapelekwa Sweden kuendesha kwenye barafu. Ni jambo la kupongezwa. Mlango ambao Njiru hakufunguliwa ulianza kufunguliwa kidogo. Lakini gari hilo moja, lilipoanza kuuzwa, lilikuwa na bei ya karibu Yuro 100,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 12. Hapo hujanunua magurudumu, mafuta wala kumlipa fundi. Ndiyo maana wengi wanaofika huko wamezaliwa katika nyumba za rali. Kimathi ni mtoto wa dereva, na jina lake ni la yule yule Colin McRae. Hata zamani ilikuwa hivyo: Vic Preston alishinda Safari mwaka wa 1954 na 1955, na mwanawe akamaliza wa pili mwaka wa 1978. Watoto hao si wavivu. Ni kwamba walianza kushika usukani mapema, katika gereji iliyokuwa tayari nyumbani.

Turudi kwa mzee wetu na robo eka yake.

Nilimwambia kwamba kabla ya kuuza chochote kuna maswali matatu ya kuuliza, na haya yanamfaa mzazi yeyote. La kwanza: nani anayechagua, na kwa kanuni gani iliyoandikwa? Kama ni muda wa saa, saa haina ndugu. Kama ni uteuzi, uliza wateuzi ni akina nani. La pili: anayelipa anataka kuuza nini? Kama ni magari, je, mtoto wako anatoka mahali ambapo magari hayo yanauzwa? La tatu: fedha zinakwenda upande gani? Timu inayomtaka mwendeshaji humlipa au humkopesha chombo. Wako madereva wa kweli wanaonunua viti vyao, lakini hao hulipa timu inayojulikana, kwa mkataba, tena kwa mamilioni. Mtu asiye na timu wala ofisi anayetaka fedha za shamba mkononi, huyo anauza ndoto, na mnunuzi ni wewe.

Kijana wa miaka 22 asiyewahi kushindana hataitwa Poland kwa sababu ya kona za Iveti. Wenzake walianza kwenye vipikipiki vya sisi 50 wakiwa watoto wadogo. Huo ni ukweli mchungu, lakini ni afadhali auseme mzazi leo kuliko kusemwa na tapeli baada ya shamba kwenda. Tena shamba lenyewe sheria haikubali liuzwe kimyakimya. Mke sharti akubali, na bodi ya ardhi nayo iidhinishe. Mama anayepalilia kahawa hiyo ana neno lake.

Je, basi tumvunje kijana moyo? La, hasha! Michezo ya injini ina viti vingi kuliko kile cha usukani. Kuna fundi, kuna mwelekezi anayesoma ramani na maelezo ya njia, kuna wasimamizi wa vituo. Joginder Singh alitoka gereji. Kuna motokrosi humu nchini, na shirikisho la michezo ya magari linalosimamia leseni. Aende kwanza awatazame wanaoshindana, ajue saa yake ikilinganishwa na yao inasema nini. Hilo litamgharimu nauli, si robo eka.

Na nyinyi mnaoandaa mashindano na mnaotoa udhamini, tunajua fedha ni zenu, na biashara haiendeshwi kwa huruma. Lakini tengeni kiti kimoja, kimoja tu, ambacho hakina jina mpaka saa iseme. Tangazeni kanuni zake hadharani, hata sokoni Mitaboni zisomeke. Kijana akishindwa kwa saa, atarudi nyumbani kupalilia kahawa bila kinyongo. Asipojua alishindwa na nini, kinyongo hicho atakufa nacho.

Mzee aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika ninayo moja: kahawa hukaa ardhini miaka mingi, lakini kiti cha mwenye fedha hubadilisha mkaaji kila msimu. Alicheka, akasema atakwenda kuzungumza na mama watoto kwanza.

Tukutane Jumapili ijayo.