"Mujitempérer": neno hilo liko na maana nyingi

Kila mara vijana wanauliza maji, barabara, kazi ao usalama, jibu la wakubwa ni moja: "Muko na moto sana, mujitempérer." Kwao neno hilo maana yake ni munyamaze. Sisi wenye diplome bila kazi, wakati tuko nao. Tulisome basi neno lenyewe.

"Tempérer" imetoka mu Kilatini, temperare: kuchanganya vitu kwa kipimo chenye kufaa. Mule mule ndimo Wafaransa walipata "tremper". Kutia maji ndani ya divai ili ipunguke ukali ni tremper. Kuzamisha chuma cha moto ndani ya maji ili kikuwe kigumu, nayo ni tremper. Ukoo ni mumoja: kupoza na kukaza.

Muulize mufua vyuma. Ili atengeneze jembe, anachoma kipande cha resori ya gari mpaka kinakuwa chekundu, anakizamisha, kinakuwa kigumu. Lakini ugumu huo peke yake ni hatari: kikigonga jiwe, kinaweza kuvunjika kama sahani. Lazima akirudishe ku moto kidogo, kwa kipimo. Kinapoteza ugumu kidogo, kinapata uvumilivu. Mu Kifaransa, hatua hiyo inaitwa "revenu". Ndiyo, neno lile lile la mapato.

Wakubwa, maji baridi mulitupa ya kutosha. Mu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège, raia wakapelekwa mbele ya tribinali za kijeshi. Masomo tulimaliza, milango ya kazi ikafungwa. Kuzamishwa tulizamishwa. Revenu ndiyo haikufika, kwa maana zote mbili. Kijana aliyekazwa bila revenu anavunjika, na mwenye kuokota vipande ni kikundi cha silaha.

Na ninyi wenzetu: kuandamana mikono mitupu, bila kutupa jiwe hata wakitupiga, si woga. Ni kipimo. Hasira yetu ibaki na moto, lakini isituvunje sisi wenyewe. Tuendelee kuuliza kila siku, kwa sauti, bila fujo.

Wakubwa, musituambie tena tujitempérer kama hamuko tayari kumaliza kazi ya chuma. Mutupe kazi, mutupe haki, mutusikilize. Kunyamaza, hapana.